Kusahihisha rekodi za michezo ya kompyuta za zamani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Mwaka ulioandikwa si sahihi, nibadilishe wapi?" "Nimebadilisha jina la mchapishaji, mbona wamerudisha la zamani?" "Picha yangu imekataliwa, ina kosa gani?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Unafaa kwa hifadhidata yoyote inayoendeshwa na watu wa kujitolea, iwe ya mashine moja kama ZX Spectrum au Amiga, iwe ya mashine zote. Majina ya vitufe hutofautiana kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, kazi haibadiliki.

Lishike hili kwanza: makosa mengi yanayoripotiwa na wageni si makosa. Rekodi iko sawa, ila inazungumzia chapisho jingine la mchezo uleule, si lile alilonalo mlalamikaji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ipi ni sahihi?", uliza "rekodi hii inahusu nini hasa?"

Humu tutatumia maneno matatu. Mchezo ni kazi kwa ujumla wake. Toleo ni mchezo huo kwenye mashine fulani. Chapisho ni toleo hilo lilivyouzwa na mchapishaji fulani, wakati fulani, ndani ya kasha fulani. Chukua Elite ya David Braben na Ian Bell: mchezo ni mmoja, toleo la BBC Micro lilichapishwa na Acornsoft mwaka 1984, ilhali matoleo ya Commodore 64 na ZX Spectrum yalitoka kwa Firebird mwaka 1985. Atakayeingia kwenye rekodi ya BBC Micro na kuandika Firebird kwa sababu kaseti yake imeandikwa hivyo atakuwa ameharibu, ingawa kaseti yake haisemi uongo.

MAHITAJI

- Akaunti iliyothibitishwa kwa baruapepe. Hifadhidata nyingi humruhusu mgeni kusoma tu.
- Kitu chenyewe, au picha zake zinazosomeka: kasha pande zote, kadi ya ndani ya kaseti, lebo ya diski, kijitabu cha maelekezo. Ukiskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kusoma maandishi madogo ya hakimiliki.
- Faili ya mchezo na emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani. Fuse ni ya ZX Spectrum, VICE ya Commodore 64, WinUAE au FS-UAE ya Amiga, Hatari ya Atari ST, openMSX ya MSX, DOSBox ya michezo ya DOS.
- Majarida ya enzi hizo yaliyoskaniwa. Crash, Zzap!64 na Computer and Video Games yanapatikana kwenye Internet Archive.
- Faili ya maandishi matupu ya kuwekea kumbukumbu zako. Usizihifadhi ndani ya fomu ya tovuti. Kivinjari kikifungwa, kazi ya saa mbili imekwenda na maji.

HATUA

1. Soma rekodi nzima, pamoja na historia yake

Fungua ukurasa wa historia ya mabadiliko kabla ya kubofya "hariri". Angalia nani alibadilisha nini, lini, na aliandika sababu gani. Ukikuta kisanduku hichohicho kimebadilishwa mara tatu kwenda na kurudi, ujue kuna ubishi wa zamani na huenda umeshamalizwa. Soma pia maelezo ya chini ya rekodi. Mara nyingi jambo linaloonekana kosa limeelezwa hapo: "mwaka huu ni wa chapisho la kwanza nchini Ufaransa", na kadhalika.

2. Tambua ngazi unayotaka kuigusa

Jiulize: kosa ni la mchezo, la toleo au la chapisho? Jina la mtunzi wa mchezo asilia hukaa ngazi ya mchezo. Aliyeuandika upya kwa mashine nyingine, aliyetengeneza muziki na aliyechora picha ya kupakia (inayoonekana mchezo unapopakiwa) ni wa ngazi ya toleo. Mchapishaji, tarehe, bei, aina ya kasha na msimbopau ni vya chapisho.

Ukiona ulicho nacho hakipo kabisa kwenye orodha ya machapisho, usisahihishe chochote. Ongeza chapisho jipya. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hasa kwa machapisho ya bei nafuu. Ocean ilikuwa na lebo ya The Hit Squad, na U.S. Gold ilikuwa na Kixx, zote za kuuza upya michezo iliyokwisha kuuzwa kwa bei kamili. Kasha la Kixx si ushahidi kwamba rekodi ya U.S. Gold imekosewa.

3. Nakili rekodi ilivyo sasa

Bandika kwenye faili yako thamani ya kila kisanduku utakachogusa, pamoja na namba ya rekodi na tarehe ya leo. Ukikosea, utajua pa kurudi. Ukibishana na mtu, utajua mlianzia wapi.

4. Ijue faili uliyonayo

Faili za mtandaoni zimepita mikononi mwa watu wengi tangu miaka ya 1980. Anza na jina lake. Faili zilizopewa majina kwa utaratibu wa TOSEC, mradi wa kuorodhesha faili za programu za zamani, hubeba alama kwenye mabano ya mraba: [cr] imevunjwa kinga ya kunakili, [t] imeongezewa ujanja kama maisha yasiyokwisha, [h] imechezewa na mtu, [b] imenakiliwa vibaya, [a] ni nakala mbadala, [!] imehakikiwa kuwa nzima. Mwaka ulioandikwa 19xx maana yake haujulikani, si kosa la uchapaji.

Kisha angalia ukubwa. Diski ya Amiga katika umbo la ADF ni baiti 901120 kamili. Diski ya Commodore 64 katika umbo la D64 ni baiti 174848, au 175531 ikiwa imebeba pia orodha ya hitilafu za sekta. Hali ya kumbukumbu ya Spectrum 48K katika umbo la SNA ni baiti 49179. D64 ina aina nyingine halali, zenye njia (duara za kuandikia data kwenye diski) zaidi ya 35, lakini ADF ya diski ya kawaida iliyopungua hata baiti moja ni mbovu; usiitumie kama ushahidi.

Mwisho, toa heshi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na maudhui ya faili. Kwenye Windows:

certutil -hashfile mchezo.adf SHA1

Kwenye Linux tumia sha1sum, na kwenye macOS shasum. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 40. Ukilingana na ulio kwenye hifadhidata, mnazungumzia faili moja. Usipolingana, angalia mambo mawili kabla ya kupiga kelele. Je, ulikokotoa heshi ya zip badala ya faili iliyomo ndani? Na je, uliwahi kuucheza mchezo ukahifadhi alama zako? Emuleta huandika kwenye faili ya diski kama mashine ilivyofanya kwenye diski halisi, na baiti moja ikibadilika heshi yote inabadilika. Weka kinga ya kuandika kabla ya kuifungua faili, au fanyia kazi nakala.

Onyo: faili iliyovunjwa kinga haifai kuthibitisha jina la mchapishaji, mwaka wala maandishi ya skrini ya mwanzo. Vikundi vya uvunjaji viliondoa picha za kupakia, vikaweka utangulizi wao, na mara nyingine vikafuta majina ya watengenezaji ili kupata nafasi.

5. Kusanya ushahidi, kisha upange kwa uzito

Kuanzia ulio mzito hadi ulio mwepesi:

Kasha, kadi na lebo ya chapisho lenyewe. Maandishi ndani ya faili isiyochezewa. Uhakiki katika jarida la wakati huo. Habari fupi katika jarida. Tangazo la biashara. Mahojiano ya miaka mingi baadaye. Kumbukumbu ya mtu, ikiwemo yako.

Tangazo limewekwa chini kwa sababu lilinunuliwa wiki au miezi kabla ya mchezo kukamilika, na michezo mingine haikukamilika kamwe. Bandersnatch ya Imagine Software ilitangazwa kwa mbwembwe mwaka 1984 na haikuwahi kufika dukani. Uhakiki una uzito zaidi, maana angalau mtu aliucheza, ingawa nakala za majarida wakati mwingine zilikuwa bado hazijakamilika.

Hifadhidata nyingine si ushahidi. Hizi hifadhidata zimenakiliana kwa miaka mingi, kwa hiyo tovuti tano zinazokubaliana zinaweza kuwa kosa moja lililozaa. Jibu la programu ya akili mnemba nalo si ushahidi, kwa sababu hiyohiyo na nyingine mbaya zaidi.

6. Tarehe

Hiki ndicho kisanduku kinachosahihishwa sana, na ndicho kinachoharibiwa sana.

Mwaka ulio kando ya alama ya © ni mwaka wa hakimiliki. Mchezo ulioandikwa Novemba na kuuzwa Februari utabeba mwaka wa nyuma. Hali huwa mbaya zaidi kwa michezo iliyotokana na mashine za kutia sarafu, kwa sababu skrini huweza kubeba mwaka wa mwenye haki asilia. Green Beret ya Konami ilikuwa kwenye mashine za sarafu mwaka 1985, lakini matoleo ya kompyuta za nyumbani ni ya 1986. Bubble Bobble ya Taito ni ya 1986. Ya Firebird kwa kompyuta za nyumbani ni ya 1987. Ukiona rekodi ya toleo la nyumbani ina mwaka mmoja zaidi ya ule ulio kwenye skrini, usikimbilie kuupunguza.

Mwezi ulio kwenye jalada la jarida hutangulia. Jarida lenye jina la Juni kwa kawaida liliuzwa Mei, na makala zake ziliandikwa mapema zaidi. Kwa hiyo uhakiki wa Januari 1986 ni dalili njema kwamba mchezo ulikuwapo mwishoni mwa 1985. Andika hivyo kwenye maelezo, usiugeuze kuwa tarehe kamili.

Usiongeze usahihi usiokuwapo. Ukijua mwaka tu, jaza mwaka tu. Fomu ikikulazimisha kuweka siku na mwezi, tafuta chaguo la "mwaka pekee". Likikosekana, waulize wasimamizi. Tarehe ya 1 Januari iliyojazwa kwa kubahatisha ni sumu, maana baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa ya kujazia pengo, na tovuti nyingine zitakuwa zimeshaibeba. Orodha nzima ya michezo iliyotoka "sikukuu ya mwaka mpya" ilianza hivyo.

Andika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 1986-04-03. Ukiandika 03/04/1986, mmoja atasoma Aprili na mwingine Machi.

Kwa kuchuja makosa ya wazi, tumia mwaka wa mashine yenyewe kama mpaka wa chini: ZX Spectrum na Commodore 64 ni za 1982, Amstrad CPC 464 ni ya 1984, Atari ST na Amiga ya kwanza ni za 1985, Amiga 1200 ni ya 1992. Mchezo unaohitaji chipu za AGA, yaani za picha za Amiga 1200, hauwezi kuwa wa 1990. Mpaka wa juu haupo. Watu bado wanatengeneza michezo mipya ya Spectrum, kwa hiyo usione mwaka 2015 ukadhani mtu alikosea tarakimu.

7. Majina

Kampuni kwanza. Jina moja linaweza kuwa kampuni mbili. Imagine Software ya Liverpool ilianguka mwaka 1984, kisha Ocean ya Manchester ikalichukua jina hilo na kulifanya lebo yake. Green Beret iliyoandikwa Imagine ni kazi ya Ocean, haihusiani na watu wa Liverpool. Atari ni mfano mwingine: mwaka 1984 iligawanyika, kompyuta na michezo ya nyumbani zikaenda Atari Corporation ya Jack Tramiel, mashine za sarafu zikabaki Atari Games. Na tawi la Marekani la Infogrames ya Ufaransa lilijiita Atari mwaka 2003. Kila moja inapaswa kuwa na ukurasa wake. Kabla ya kuunganisha mchezo na jina kwenye orodha inayoshuka, fungua ukurasa wa hilo jina uone miaka yake.

Kinyume chake nacho kipo: majina mawili, kampuni moja. Ultimate Play the Game lilikuwa jina la biashara la Ashby Computers and Graphics. Kadi ya kaseti ikitaja yote mawili, kampuni ya kisheria haichukui nafasi ya jina la biashara. Andika lililo mbele ya kasha, na lingine liweke kwenye maelezo.

Majina ya michezo hubadilika kwa soko. Another World iliuzwa Amerika Kaskazini kama Out of This World. Green Beret kule ilikuwa Rush'n Attack. Contra ilikuja kwenye kompyuta za nyumbani za Ulaya kama Gryzor. Hayo si makosa ya tahajia. Ni majina mbadala, na yana kisanduku chake. Jina kuu hufuata kanuni ya hifadhidata husika, kwa kawaida chapisho la kwanza. Kasha, skrini na mgongo wa kasha vikitofautiana, soma kanuni inasema kipi kinatangulia, usiamue kwa macho.

Sasa watu. Usimuunganishe mtu kwa kufanana jina tu. Matthew Smith aliyeandika Manic Miner si kila Matthew Smith aliyewahi kushika kibodi. Tafuta angalau kiungo kimoja zaidi: kampuni ileile, mshirika yuleyule, mtindo uleule wa kutia saini. Pia usimhamishe mtu kutoka toleo hadi toleo. Muziki wa Commodore 64, yenye chipu ya SID, mara nyingi ulitungwa na mtu tofauti kabisa na aliyehangaika na spika ya mlio mmoja ya Spectrum 48K.

Majina hupatikana penye kadi, kwenye picha ya kupakia (wachoraji walipenda kutia saini pembeni), kwenye jedwali la alama za juu, na ndani ya faili. Ili kutafuta ndani ya faili:

a) Pakia mchezo hadi skrini ya mwanzo. Faili nyingi zimebanwa, na maandishi hayasomeki mpaka mchezo ujifungue kwenye kumbukumbu.
b) Hifadhi hali ya kumbukumbu. Kwa Spectrum chagua SNA, si Z80, kwa sababu Z80 kwa kawaida nayo hubanwa.
c) Fungua kwa kihariri cha heksadesimali, yaani programu inayoonyesha baiti za faili, na tafuta majina.
d) Kwa Commodore 64, utafutaji wa kawaida unaweza kutoka mikono mitupu. Maandishi ya skrini hutumia misimbo yake, A ikiwa 1, B ikiwa 2 na kuendelea. Tafuta kwa thamani za baiti.

Kama mtengenezaji mwenyewe amekujibu kwa barua, andika kwamba amethibitisha na mwezi aliothibitisha. Usibandike anwani yake ya baruapepe wala barua nzima bila ruhusa.

8. Kumbukumbu, mashine na vifaa

Hapa jaribu, usibuni. Weka emuleta kwenye Spectrum 48K, pakia mchezo, ucheze dakika kadhaa. Ukifanya kazi, kisha ukawa na muziki zaidi kwenye 128K, rekodi sahihi ni "48K, na nyongeza kwa 128K", si "128K". Kwa Commodore 64 na Amiga jaribu PAL na NTSC, yaani mfumo wa televisheni wa Ulaya na ule wa Amerika Kaskazini. Mchezo unaokwenda mbio kupita kiasi, au wenye sehemu ya chini ya skrini iliyokatika, mara nyingi umeandikwa kwa PAL na unaendeshwa kama NTSC.

Msimbopau unakiliwe tarakimu zote 13. Unaoanza na 50 umesajiliwa Uingereza. Hauthibitishi kwamba mchezo ulitengenezwa au kuuzwa huko kwanza.

9. Picha za skrini

Tumia amri ya emuleta yenyewe, si ya kompyuta yako. Hifadhi PNG, zima vichujio vyote vya kuiga televisheni, na usikuze. Vipimo asilia: Spectrum 256×192, Commodore 64 320×200, Amiga ya PAL kwa kawaida 320×256. Ukingo unaozunguka picha unaongeza vipimo. Picha ya VICE yenye ukingo wa PAL ni 384×272. Angalia kama hifadhidata inautaka ukingo au la.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama picha yako ni safi: hesabu rangi zake kwa programu ya picha. Spectrum haina zaidi ya rangi 15, Commodore 64 ina 16. Ikija 4,000, umeacha kichujio kimewashwa, au picha imepita kwenye JPEG. Kubadilisha JPEG kuwa PNG hakuisafishi, piga upya.

10. Jaza fomu, na andika sababu

Badilisha jambo moja kwa kila ombi, au mambo yanayotegemea ushahidi mmoja. Ukiweka mwaka, mchapishaji na jina la mtunzi kwenye ombi moja, msimamizi akikwama kwenye moja atakataa yote matatu.

Maelezo mazuri yana umbo hili:

Rekodi: Manic Miner, ZX Spectrum, chapisho la pili
Kisanduku: mchapishaji
Sasa: Bug-Byte
Kiwe: Software Projects
Ushahidi: faili iliyoambatanishwa na chapisho hili, heshi yake nzima hapa chini. Katika pango la 17, The Warehouse, vinavyopanda na kushuka ni pembetatu zisizowezekana, ambayo ni nembo ya Software Projects. Inakubali neno la siri "typewriter" na haikubali 6031769 la Bug-Byte. Picha mbili zimeambatanishwa.
Sijagusa: mwaka, 1983, unabaki.

Msimamizi anaweza kulihakiki hilo kwa dakika tano bila kukuuliza swali. Linganisha na "hii ni ya Software Projects, najua". Kwa jarida, taja jina, mwezi, mwaka na ukurasa uliochapishwa kwenye karatasi. Namba ya ukurasa ya faili ya PDF hutofautiana nayo kwa sababu ya jalada.

11. Tuma, kisha tulia

Usitume ombi lilelile mara ya pili. Foleni husomwa na watu wachache baada ya kazi zao. Washa taarifa za baruapepe ili swali likija ulijibu. Ombi lisilojibiwa kwa kawaida hufungwa.

MATATIZO NA UTATUZI WAKE

Ombi limekataliwa kwa "ushahidi hautoshi". Panda ngazi moja katika orodha ya hatua ya 5. Kama ulileta tangazo, tafuta uhakiki. Kama ulileta uhakiki, tafuta kasha. Usirudishe ushahidi uleule kwa maneno makali zaidi.

Vyanzo viwili vinapingana. Kwanza hakikisha vinahusu chapisho moja. Mara nyingi havihusu, na unachohitaji ni kuongeza chapisho. Kama kweli ni moja, chagua kilicho karibu zaidi na kitu chenyewe, na kitaje cha pili kwenye maelezo. Usikifiche. Atakayekuja baada yako atakiona tu, na ataanzisha ubishi upya.

Sahihisho lilikubaliwa, kisha mtu akalirudisha nyuma. Soma sababu yake kwenye historia. Usibonyeze kurudisha. Muulize kwenye ukurasa wa mjadala wa rekodi, ukiweka ushahidi wako wazi. Rekodi ikigeuzwa mara tatu kwa siku hufungwa, na mnafungiwa wote.

Rekodi mbili ni za kitu kimoja. Usifute, na usiibadilishe moja iwe tupu. Omba ziunganishwe, na upendekeze kubaki na namba ya zamani, kwa sababu tovuti nyingine zimeunganisha kwayo. Hakikisha kwanza si machapisho mawili yanayofanana jalada.

Kosa lilelile liko kwenye rekodi mia, mfano Imagine zote mbili zimetupwa kwenye ukurasa mmoja. Usitume maombi mia. Andika orodha ya rekodi na kanuni ya kuzitenganisha, kisha mpelekee msimamizi. Yeye ana zana za kubadilisha kwa mkupuo.

Kisanduku kimefungwa. Kimefungwa kwa sababu. Uliza ilikuwa nini kabla ya kuomba kifunguliwe.

Picha inakataliwa ingawa vipimo ni sahihi. Hesabu rangi. Kisha angalia kama skrini ya mwanzo ina jina la kikundi cha uvunjaji kinga. Hiyo haipokelewi hata ikiwa safi kama maji ya mtungi.

Heshi yako hailingani na ya mtu mwingine mwenye kaseti ileile. Kwa kaseti hilo ni kawaida. Faili za mkanda za TZX, na za TAP za Commodore 64, huweza kubeba vipimo vya mawimbi, na TZX hata maelezo ya aliyenakili, na nakala mbili za mkanda mmoja zinaweza kutofautiana bila yoyote kuwa mbovu. Linganisha mchezo baada ya kupakiwa, sehemu ya programu na data tu, si faili ya mkanda.

Umegundua kosa ni lako, na limeshakubaliwa. Tuma ombi la kulirekebisha ukitaja namba ya ombi la kwanza, na andika wazi "nilikosea chapisho". Wasimamizi humwamini zaidi anayejirekebisha kuliko asiyewahi kuonekana kukosea.